Wahusika wanaojuana kabla ya safari: njia tano za kuwaunganisha, na ipi imfae nani

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, kila mchezaji ana mhusika wake, na mwendeshaji mmoja anasimamia ulimwengu na wengine wote waliomo. Kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, mara nyingi huanza kuchechemea kwenye kikao cha kwanza. Wahusika wanne wanakutanishwa mkahawani na hakuna aliyewahi kumwona mwenziwe: mchawi mwenye siri, askari mtoro, mwizi asiyezungumza na mtu, na mganga anayemtafuta kaka yake. Kila mmoja ameandikiwa maisha yake ya nyuma, pengine kurasa tatu. Nusu saa inapita wakiulizana majina, na mmoja akiinuka kuondoka, wengine hawana sababu hata moja ya kumfuata.

Dawa ni kuyafuma maisha hayo pamoja kabla ya safari, kwenye kikao cha maandalizi. Njia zipo nyingi, na wapenzi wa kila mchezo husifu ya kwao. Hapa tunalinganisha tano kwa kipimo kimoja: maandalizi yakimalizika, kila mhusika awe na jambo lisilokwisha baina yake na wenzake wasiopungua wawili. Urafiki wa utotoni hauhesabiki, kwa sababu hauna linalodaiwa. Deni linahesabika. Kadhalika kiapo, siri ambayo mmoja anaijua nusu, posa iliyovunjwa, na chombo kilichozama na shehena ya mtu.

| Njia | Watu | Muda | Vifaa | Inapokwama |
|---|---|---|---|---|
| Kila mtu na yake | wowote | nyumbani, kisha dakika 30 | karatasi | nyuzi zote huishia kwa mwendeshaji |
| Sentensi zenye pengo | 3 na zaidi | dakika 30–45 | vikaratasi | mmoja hubaki hajatajwa na mtu |
| Duara la visa | 3–5 | saa 1¼–1½ | karatasi moja kwa kila mtu | mmoja hujifanya shujaa wa kisa cha mwenziwe |
| Bahati: dadu au dhumna | 3–5 | saa 1 | dadu la pande 6, au seti ya dhumna | bahati inatoa jambo lisilomkaa mhusika |
| Ramani ya kwao | 2–5 | saa 2–4 | karatasi kubwa, karata | mji unanoga, wahusika wanasahauliwa |

Kila mtu na yake

Hii ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa vile ndiyo iliyozoeleka kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons. Karatasi ya mhusika ya toleo la 2014 ina nafasi nne za kuandika: tabia, jambo analoliamini, kifungo chake (yaani anachofungamana nacho) na ila yake. Tatizo liko kwenye hicho kifungo. Kinaweza kuwa kwa mtu yeyote, pahala popote au kitu chochote duniani, na wachezaji tisa kati ya kumi, ukiwaacha wenyewe, wataandika mwalimu aliyekufa au kijiji kilichochomwa moto. Mwendeshaji anapata maadui na jamaa wa kuwatumia baadaye. Wachezaji wenyewe hawapati cha kuambiana.

Ichague pale tu ambapo hamwezi kukaa pamoja kabla ya kuanza. Hata hapo, wekeni sharti: isizidi nusu ukurasa, na iwe na watu wawili wasio na majina, kwa mfano "mtu aliyenificha siku tatu" na "mtu niliyemwibia bila yeye kujua". Mwendeshaji huzisoma zote, kisha anayajaza mapengo hayo kwa wahusika wa wengine, baada ya kumuuliza kila mmoja pembeni kama anakubali.

Faida moja wasiyoijua wengi: kanuni za msingi za mchezo huo, zile zinazoitwa SRD 5.1, zimeachiwa kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Ruhusa ipo ya kuzitafsiri, kuzichapa na kuzigawa bila malipo, mradi chanzo kitajwe kama leseni inavyotaka. Ila ndani yake mna asili moja tu ya mhusika, ya mhudumu wa hekalu. Baharia, mchuuzi, mganga na mlinzi wa ghala mtawatunga wenyewe.

Sentensi zenye pengo

Kila mchezaji anapata sentensi kadhaa zilizoachwa pengo la jina, na analijaza kwa jina la mhusika mwengine aliyeko mezani. Mchezo wa Dungeon World uliifanya hii kuwa sehemu ya karatasi ya kila mhusika, na ukaongeza kitu kizuri: mwisho wa kikao, kifungo (ndivyo sentensi hizo zinavyoitwa) kilichotatuliwa kinampa mwenyewe pointi ya uzoefu na kinabadilishwa kwa kipya. Kwa hiyo maisha ya nyuma hayabaki nyuma.

Nguvu yote iko kwenye sentensi yenyewe. Linganisha hizi mbili:

"Mimi na Faki ni marafiki tangu tuko chuoni."

"Faki alibeba kosa langu chuoni, akafukuzwa, na mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilinyamaza."

Ya kwanza mwendeshaji hana la kuifanya. Ya pili inamweka Faki na haki ya kuuliza siku yoyote anayoitaka, na mwenziwe anajua. Hizi hapa nyengine zinazofanya kazi katika ulimwengu wa kubuni ulio na harufu ya kwetu:

– "____ ananidai, na deni lenyewe si la pesa."
– "Nilimwapia mama yake ____ akiwa kitandani kwamba nitamtazama mwanawe. Yeye hajui."
– "____ aliniona bandarini usiku ule. Sijui ameona kiasi gani."
– "____ anaamini mimi ndiye niliyempeleka kwa sheha."
– "Baba yangu alikuwa nahodha wa chombo kilichomzamisha kaka yake ____."

Sasa hesabu. Mkitaka kila mtu aandike sentensi kwa kila mwenziwe, wanne wataandika 12, watano 20, na sita 30. Hakuna atakayezikumbuka 30. Mbili kwa kila mtu zinatosha. Lakini mbili zikiachwa huru zinazaa kasoro maarufu ya njia hii: wote wanamtaja yule mchezaji mchangamfu, na kuna mmoja pembeni ambaye jina lake halimo popote. Kinga ni kumlazimisha kila mtu: sentensi ya kwanza amtaje aliyekaa kuliani kwake, ya pili amtaje asiyekuwa jirani yake. Zikishasomwa, mwendeshaji anachora majina duara na mishale baina yao. Jina lisilofikiwa na mshale hata mmoja linarudishiwa mezani hapo hapo. Kwenye meza ya watu watatu kila mtu ni jirani wa mwenziwe, basi andikeni kwa wote wawili na mambo yaishe.

Kasoro ya pili ni ya adabu. Mtu anaandika, "Mize alimuua mbwa wangu," na mwenye Mize hakubali kwamba mhusika wake ni wa namna hiyo. Kanuni ni fupi: unaweza kuandika ulichofanya wewe, ulichoona wewe au unachodhani wewe, ukitaka kuandika alichofanya mwenzio, muulize kwanza. Mara nyingi badiliko la neno moja linamaliza ugomvi na kuiboresha sentensi: "Naamini Mize ndiye aliyemuua mbwa wangu."

Duara la visa

Kwa meza ya wanne au watano wanaoweza kuandika bila kuogopa karatasi, tunaiona hii kuwa bora kuliko zote. Imetoka kwenye mchezo wa Fate Core, ambao kanuni zake nazo ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Kila mtu anachukua karatasi moja na kuandika kisa kimoja cha mhusika wake kwa sentensi mbili au tatu. Karatasi zote zinapelekwa kulia. Uliyeipokea unaandika sentensi mbili: mhusika wako aliingiaje katika kisa hiki? Zinapelekwa kulia tena, na wa tatu naye anaandika. Basi.

Tazama karatasi moja inavyokua. Makame ni askari mtoro, na mwenye Makame ameandika:

"Makame alikuwa zamu kwenye ghala la karafuu la diwani. Usiku wa manane ghala likaungua. Alikimbia kabla hajaulizwa."

Karatasi inafika kwa mwenye Mize, mwizi:

"Mize alikuwa ndani ya ghala, ila hakuwasha moto kusudi. Aliiacha taa juu ya jamvi la karafuu kavu aliposikia Makame anakoroma."

Kisha kwa mwenye Faki, baharia:

"Faki alimvusha Makame kwa ngalawa usiku huo huo, nauli ikawa pete. Pete ina muhuri wa diwani, na Faki hajathubutu kuiuza wala kuirudisha."

Sentensi saba. Makame anadhani kosa ni lake, Mize anajua si lake peke yake, Faki ana kitu kinachoweza kuwanyongesha wote watatu. Na kila mmoja kati yao ana karatasi yake mwenyewe iliyozunguka hivyo hivyo.

Duara lina hesabu yake, na wengi hawaiangalii. Kila kisa kinabeba watu watatu walioketi mfululizo. Mezani pakiwa na wanne, jozi zote sita zinakutana angalau katika kisa kimoja. Pakiwa na watano, jozi zote kumi zinakutana. Pakiwa na sita, jozi tatu hazikutani kabisa, nazo ni za wale waliokaa wakitazamana. Kwa hiyo mkiwa sita, wawekeni wanaotazamana wawe ambao wahusika wao wana sababu ya kuwa wageni, au ongezeni mzunguko mmoja. Mkiwa saba, achaneni na duara.

Muda kwa watu wanne: dakika 15 za kuandika kisa cha mwanzo, 10 kwa kila mzunguko unaofuata, na dakika mbili mbili za kila mtu kusoma kwa sauti kila zinapomalizika. Hapo mmefika kama saa moja. Tengeni dakika 15 nyengine ili kila mtu achote kauli fupi kutoka katika kila kisa alichomo, tatu kwa jumla. Makame angeandika "Nililala zamu." Katika Fate kauli hizo zina kazi ndani ya kanuni, unazitumia kupata nyongeza au kujiletea balaa. Katika Dungeons & Dragons ziandikeni kwenye ile nafasi ya kifungo.

Inaharibika wapi? Pale wa pili au wa tatu anapoingia na kuokoa jahazi, akamfanya mwenye kisa kuwa mtazamaji. Anayeingia ama anatatua, ama anatatiza, ama yote mawili. Ila tatizo la mwanzo libaki mikononi mwa mwenyewe. Kuna pia uvivu wa mzunguko wa tatu. Watu wamechoka, wanaandika "Kidawa alikuwa akipita sokoni akaona." Kuona hakutoshi. Sentensi ya namna hiyo mrudishie na swali: ukaona, kisha ukamwambia nani?

Bahati: dadu, au dhumna

Kuacha bahati iamue maisha ya mhusika ni jambo la zamani katika michezo hii. Traveller ya mwaka 1977 ilimpitisha mhusika katika miaka ya kazi kwa dadu, na angeweza kufa kabla mchezo haujaanza. Wa karibu zaidi na haja yetu ni Beyond the Wall, ambao wahusika wake ni vijana wa kijiji kimoja: jedwali linakupa tukio la maisha yako, na katika tukio moja aliyekaa kuliani kwako anahesabiwa kuwa alikuwepo, naye anapata faida yake.

Unaweza kutunga jedwali lako la mikasa sita na kila mtu akarusha dadu la pande sita mara moja. Waendeshaji wengi huudhika namba ikijirudia, wanasema irushwe upya. Wanatupa kilicho bora. Wanne wakirusha, uwezekano wa angalau wawili kupata namba moja ni kama asilimia 72, na watano ni asilimia 91. Namba iliyojirudia maana yake walikuwa kwenye mkasa mmoja, na hapo kazi ya kuunganisha imeshafanyika. Jedwali liandikwe kwa kusudi hilo: mafuriko, moto, harusi iliyovunjika, chombo kilichopotea na kusi, hukumu ya uongo, mgeni aliyekufa ndani ya nyumba. Yote ni mambo yanayokusanya watu.

Kwa huku kwetu, hata hivyo, dadu lina kero. Ukilirusha barazani, mzee atakayepita atadhani ni kamari na hatasubiri ufafanuzi. Dhumna ipo karibu kila baraza, haishtui mtu, na kwa kazi hii, hatusiti kusema, inalishinda dadu.

Seti ni dhumna 28, namba kuanzia tupu mpaka sita. Zipeni namba maana kabla ya kuchukua:

tupu – siri
1 – deni
2 – ukoo, au kunyonya ziwa moja
3 – safari katika chombo kimoja
4 – mwalimu mmoja
5 – posa au mapenzi
6 – damu iliyomwagika

Zifudikizeni, zichanganyeni, kila mtu achukue mbili na kuzifunua mbele yake. Namba mliyonayo wawili ndiyo inayowaunganisha. Uzuri wake ni huu: namba zote ni saba, na mwenye dhumna mbili zisizorudia ana namba nne. Nne na nne ni nane, kwa hiyo wawili wa namna hiyo hawawezi kukosana. Lazima wapate angalau moja. Wanaoweza kukosana ni pale mmoja wao amechukua yenye namba sawa pande zote mbili, au dhumna zake mbili zimerudia namba.

Chukua mfano. Kidawa ana 6-2 na 4-tupu. Faki ana 2-5 na 3-1. Mize ana 6-6 na 1-4. Makame ana 5-tupu na 3-5. Kidawa na Faki wana namba 2: ndugu wa ziwa. Kidawa na Mize wana sita na nne, wachague moja au wazitie zote, mwalimu wao mmoja aliuawa na mmojawapo alikuwepo. Faki na Mize wana deni. Kidawa na Makame wana siri. Faki na Makame wana safari na posa. Mize na Makame hawana kitu, na hakuna haja ya kuwatafutia: kila mmoja wao ameshafungwa kwa watu wawili, kipimo kimetimia. Kundi ambalo kila mtu amefungwa kwa kila mwenziwe linabana.

Wawili wakikutana kwa mbili na tano kwa pamoja, msikimbilie kuifuta moja. Walionyonya ziwa moja hawaoani. Basi posa ilikwishapelekwa, mahari yamekubaliwa, na ndipo bibi mmoja akakumbuka aliwanyonyesha wote wawili mwaka wa njaa. Alisema kweli? Kampeni nzima inaweza kusimama juu ya swali hilo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba bahati haimjui mhusika wako. Mtawa aliyekulia pangoni peke yake anapata "mapenzi". Mruhusu abadilishe dhumna moja, mara moja tu. Akiruhusiwa mara mbili, atabadilisha mpaka apate alichokuwa amekiandika kichwani, na hapo bahati haina maana.

Ramani ya kwao

Hapa hamwanzi na watu bali na pahala. Mnatandika karatasi kubwa, mnachora kisiwa, na kila anachokiweka mtu kinaleta swali kuhusu wahusika. Mchezo unaojulikana kwa uchoraji huu ni The Quiet Year, wa watu wawili hadi wanne, unaotumia karata zote 52, kila aina ya karata ikiwa msimu wake, na unachukua saa tatu hadi nne. Ni mchezo kamili unaojitosheleza. Kwa maandalizi tu, karata 12 zinatosha: tatu za kopa kwa watu, tatu za uru kwa mali, tatu za shupaza kwa hatari, tatu za pau kwa mahali. Mkiwa wanne kila mmoja anafunua tatu.

Pemba ina mbegu za kutosha kwa wanaotaka pa kuanzia. Chukua magofu ya Pujini, ngome ambayo simulizi huifungamanisha na mtawala Mkama Ndume. Ndani yake mna kisima ambacho husemwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana, mmoja akishuka kwa ngazi, mwengine akivuta kwa kamba na ndoo. Kiweke kisima kama hicho katikati ya kisiwa chako cha kubuni, badilisha majina, kisha uliza: nani kati yenu ni wa ukoo wa ngazi, nani wa ukoo wa kamba, na nani aliyewahi kuteka upande usio wake? Maswali matatu, na watu watatu wameshashikamana. Au chukua Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Wahusika wote wanne walikuwepo shambani siku jembe lilipogonga chungu. Nani aligonga, nani alihesabu, nani aliapa kunyamaza, nani hakuridhika na fungu lake?

Ramani hukwama kwa sababu inapendeza mno. Saa mbili zinapita watu wakibishana msikiti uwe upande gani wa bandari na nani anamiliki mikoko, na wahusika wenyewe hawajatajwa. Kinga ni kanuni moja isiyovunjwa: hakuna alama inayoingia kwenye ramani bila kutajwa pamoja nayo mhusika wa mchezaji *mwengine*. Ukichora mnara, sema ni nani kati ya wenzako aliyewahi kulala humo, naye aseme kwa nini. Ile kanuni ya kuuliza kwanza inafanya kazi hapa pia.

Tahadhari ndogo kuhusu mbegu za kweli. Kabla ya kuanza, tumieni dakika tano kukubaliana yasiyoguswa. Kwetu orodha huwa na mambo matatu au manne: nasaba za watu walio hai, utumwa usifanywe kichekesho, mizimu ya pahala palipo na watu wanaopaheshimu, na mapenzi baina ya wahusika ambao wachezaji wao hawataki. Mchezaji akisema "hilo hapana", haulizwi sababu.

Kuchagua

Meza ya wageni wa mchezo, ambao neno "andika kisa" linawatisha: dhumna. Wanashika kitu mkononi, wanacheka, na kisa kinawatoka bila kuandika.

Usiku mmoja wa Ramadhani baina ya tarawehe na daku, mnataka kutunga na kucheza hapo hapo: sentensi zenye pengo, mbili kila mtu, dakika 30, kisha mwanzo. Duara litakula nusu ya usiku.

Kampeni ya miezi, watu wale wale kila wiki: anzeni na ramani kikao kizima, na cha pili fanyeni sentensi zenye pengo juu ya ramani hiyo. Duara juu ya ramani tumeona linazidisha. Visa vinakuwa vingi kuliko vitakavyowahi kuchezwa, na mwendeshaji anajikuta mtunza kumbukumbu.

Nusu ya kundi iko Wete, Pemba, na nusu iko Mjini, Unguja, mnaonana kwa WhatsApp: sentensi zinakwenda vizuri sana, na sauti ya kurekodi ni bora kuliko maandishi kwa sababu inabeba utani na kusita. Duara linawezekana kwa siku tatu, mzunguko mmoja kwa siku, mradi mwendeshaji ndiye anayepokea na kusambaza. Mkitumiana wenyewe kwa wenyewe, karatasi mbili zitapotea njiani. Ramani kwa simu haiendi, kwa vile mchoraji anabaki mmoja na wengine wanakuwa waagizaji.

Sita au zaidi: sentensi. Au gaweni meza mbili za watatu watatu, kila moja ifanye duara lake, kisha sentensi moja moja ya kuunganisha meza kwa meza.

Aliyechelewa kujiunga, kampeni ikiwa imeshafika mbali, asipewe ukurasa wa kuandika. Apewe mapengo mawili yaliyokwisha kutajwa mchezoni na ambayo hayana mwenyewe: ule mkono uliofungua lango, yule mtoto aliyeachwa bandarini. Ndiyo maana mwendeshaji mwenye busara hayajazi yote. Na mhusika akifa, karatasi yake isitupwe; mchezaji atunge mrithi, ndugu au mdhamini wake, na zile sentensi mbili azichukue kama zilivyo, abadilishe jina tu.